Even though, only if, just because: maswali ninayoulizwa mara kwa mara na wanafunzi wangu wa Tanga

Nafundisha Kiingereza cha jioni hapa Ngamiani, katika chumba chenye ubao mmoja na viti visivyotosha. Wanaokuja ni watu wazima wenye shughuli zao: waongoza watalii wa Mapango ya Amboni, dada wa mapokezi kwenye nyumba za wageni, manahodha, vijana wa bandarini, wachuuzi wa samaki kutoka soko la Deep Sea, na wazazi wawili watatu ambao watoto wao wanaingia kidato cha kwanza. Maneno makubwa wanayo. Because wanaijua, if wanaijua, when wanaijua. Kinachowakwamisha ni kile kineno kinachotangulia: even, only, just, ever, right, long, especially. Maswali ni yaleyale kila msimu, ndiyo maana nimeyaandika hapa pamoja na majibu ambayo nimeona yanawasaidia.

Kwani kielezi na kiunganishi vinakutania wapi?

Kiunganishi tegemezi ni neno linalokifunga kishazi tegemezi, yaani sehemu ya sentensi isiyosimama peke yake, kwenye kishazi huru, ile inayosimama peke yake: kwa sababu, ingawa, kama, kabla, tangu. Kielezi huongeza kiasi, muda au mkazo. Kiingereza huviweka viwili hivi bega kwa bega, kielezi mbele, kiunganishi nyuma yake, na kuanzia hapo vinatembea kama neno moja. Even though. Only if. Ever since. Right after. Just because.

Si jambo geni kwetu. Tunasema "hata kama", "hasa pale", "mara tu baada ya". Tofauti ni mahali neno linapokaa, na lipi linakubali kukaa na lipi.

Niongeze kitu ambacho mimi binafsi hunifurahisha kila nikikisema darasani. Although ya leo zamani ilikuwa maneno mawili, al na though, na hiyo al ilikuwa na maana ya kutia mkazo kama "hata" yetu. Kwa hiyo although ni even though ya kale iliyogandamana ikawa neno moja. Nasi tunayo ya namna hiyo: ukiipasua "ingawa" unakuta -nga- na -wa ya "kuwa" ndani yake, lakini nani anayeliwaza hilo anapozungumza?

Nikisema "because only" sieleweki. Kosa langu liko wapi?

Kosa liko kwenye "tu". Kwetu "tu" hufuata nyuma: kwa sababu tu mimi ni kijana, nilipofika tu, ukitaka tu. Kiingereza hutanguliza only au just. Mwanafunzi akibeba mpangilio wetu kama ulivyo, husema: "They refused me because only I am young." Alitaka kusema walimkataa kwa sababu tu ni kijana. Msikilizaji amesikia kwamba kijana ni yeye peke yake, waliobaki wote ni wazee. Sentensi imenyooka, ila imesema habari nyingine. Alipaswa kusema: "They refused me just because I am young," au only because.

Darasani nakata maboksi ya sabuni, kila kipande nakiandika neno moja, halafu navipanga juu ya meza. Namwita mmoja asogeze kipande cha only tu, vingine visiguswe.

"Only I saw the boat when it left." Aliyeiona boti ni mimi peke yangu.

"I saw only the boat when it left." Niliona boti tu, waliomo sikuwaona.

"I saw the boat only when it left." Sikuiona mpaka ilipoondoka.

Kipande kimoja cha boksi kimesogea mara mbili na habari zimekuwa tatu. Mtu akishakisogeza kwa mkono wake mwenyewe hahitaji tena maelezo yangu. Only hulikamata neno linaloifuata mara moja. Kwenye mazungumzo ya haraka Waingereza wenyewe huilegeza kanuni hii na sauti yao ndiyo inayoonyesha wamekusudia nini. Kwenye maandishi hakuna sauti, basi liweke karibu kabisa na unachokikusudia.

Even if na even though zinatofautianaje? Zote si "hata kama"?

Hili ndilo swali ninalolitolea muda kuliko yote, kwa sababu nimeona likigombanisha watu.

Even though husemwa juu ya jambo ambalo ni kweli, limeshatokea au lipo. Even if husemwa juu ya jambo lisilojulikana, ambalo huenda likawa na huenda lisiwe. "Even though it is raining, the boat will leave": mvua inanyesha hapa tulipo, na boti itaondoka. "Even if it rains, the boat will leave": mvua haijaja, ikija ama isije boti itaondoka.

Kiswahili cha mazungumzo hakitutenganishii mambo haya kwa ukali hivyo. "Ingawa" inashika jambo la kweli, sawa. Lakini "hata kama" tunaitupia kote. Mtu anamwambia kaka yake, "Hata kama umenizidi umri, niheshimu." Umri huo si wa kukisia, kamzidi kweli na wote wawili wanajua. Kwa Kiingereza hapo ni even though, na mtu mwenye "hata kama" kichwani ataandika even if.

Mwaka fulani alikuja binti anayefanya kazi ya mapokezi kwenye nyumba ya wageni. Aliingia kabla wenzake hawajafika, akaniamkia, "Shikamoo mwalimu," nikaitika, na kabla sijaketi akanipa simu yake. "Mwalimu, huyu mgeni nimemkosea nini?" Mgeni alikuwa ametuma fedha za chumba wiki nzima kabla. Binti, kwa adabu zake zote, akamwandikia: "Even if you paid, please bring the receipt." Alikusudia kusema, ingawa umeshalipa, tafadhali njoo na risiti. Mgeni akasoma, "hata kama ulilipa", yaani haijulikani kama ulilipa. Jibu lake lilikuwa la mstari mmoja, kwamba amelipa na ushahidi anao. Lilikuwa jibu la mtu aliyehisi anaitwa mwongo.

Tulilifuta if, tukaweka though: "Even though you have already paid, please bring the receipt." Akatuma pamoja na neno la kuomba radhi, na mgeni akajibu vizuri. Tangu siku ile huwa nawaambia wanafunzi wajiulize swali moja kabla ya kuandika: jambo hili ni kweli, au sijui? Ukiwa na uhakika ni kweli, even though. Ukiwa hujui, au hujali lolote litakalotokea, even if.

Kuna even if nyingine, ya jambo unalojua haliwezekani: "Even if you gave me a million shillings, I would not swim there." Hapa Kiswahili kinakupa njia safi kabisa, hata ungenipa milioni. Ukijisikia umesema -nge- baada ya "hata", ujue Kiingereza chake ni even if na kitenzi kinarudi nyuma kama cha wakati uliopita: gave, had, were.

Naweza kutumia even peke yake, bila if wala though?

Kuunganisha sentensi, hapana. "Even he was tired, he went" haisimami. Even ni kielezi tu, haina nguvu ya kufunga vishazi, inahitaji mwenzake. Ikikaa mbele ya nomino ni sawa, "Even the captain was afraid," hata nahodha aliogopa, lakini hapo haiunganishi kitu.

Kosa ndugu wa hilo ni kuanza na "Even though," ikafuatiwa na koma, halafu "I went." Aliyeandika hivyo alikuwa anatafuta "hata hivyo". Hiyo kwa Kiingereza ni even so: "I was sick. Even so, I went."

Nikiweka although mwanzo, but naiweka wapi?

Popote pale usiiweke. Kiswahili kinaruhusu "ingawa alikuwa mgonjwa, lakini alikuja", na masikio yetu yanaipenda ile "lakini" kwa sababu inatupa pumzi. Kiingereza kinataka kimoja. "Although he was sick, he came." Au, "He was sick, but he came."

Only if ni nini, na if only ni nini?

Ukizigeuza umegeuza dunia. Only if ni sharti. If only ni majuto au matamanio.

If only ni "laiti" yetu. "If only I had listened to my mother," laiti ningemsikiliza mama. Haihitaji hata kumaliziwa, ukiishia hapo mtu ameshaelewa umekusudia nini.

Only if inataka utulivu, hasa kwa wafanyabiashara. Mwanafunzi wangu mmoja huuza pweza. Mnunuzi alimwandikia hivi: "We buy octopus only if it weighs more than 500 grams." Yeye alielewa kwamba kila pweza aliyezidi gramu 500 atanunuliwa. Akapeleka ndoo tatu, na ndoo moja ikarudishwa kwa kuwa samaki hakuwa amekaa vizuri kwenye barafu. Akaja amenuna, anasema wamevunja maneno yao. Tukaisoma ile sentensi polepole darasa zima. Only if inafunga mlango kwa wote wasiotimiza sharti. Haiahidi kwamba kila aliyetimiza ataingia. Ingekuwa "We will buy it if it weighs more than 500 grams", hapo angekuwa na cha kudai.

Kwa hiyo if inafungua njia moja na kuziacha nyingine zilivyo. Only if inaziba njia nyingine zote, na hiyo iliyobaki haikuhakikishii. Kwenye hisabati wanapotaka vyote viwili kwa pamoja huandika if and only if. Kwenye biashara ukitaka uhakika, uliza: "If it weighs more than 500 grams, will you buy it?" Subiri yes kabla ya kupakia ndoo.

Kwa nini wakianza na only when, maneno yanayofuata yanageuka?

"Only when the tide came in did the boat move." Wanafunzi hudhani ni swali, kwa sababu ya did. Si swali. Kielezi chenye maana ya kubana kama only, kikitangulia na kiunganishi chake mwanzoni mwa sentensi, hukilazimisha kishazi huru kigeuke na kuchukua umbo la swali.

Mimi nilihangaika na sentensi hizi miaka mingi mpaka nilipoiona "ndipo". Maji yalipojaa ndipo boti iliposogea. Hiyo "ndipo" ndiyo kazi yote inayofanywa na only pale mbele na did pale kati. Kuanzia hapo siwafundishi tena kwa kanuni. Nawaambia wakisikia "ndipo" ndani ya kichwa chao, Kiingereza chake kinaweza kuwa only when. Hali kadhalika not until: "Not until the tide came in did the boat move," mpaka maji yalipojaa ndipo boti iliposogea.

Ukiona mgeuzo unakutisha, peleka kielezi na kiunganishi chake katikati na kila kitu kinatulia: "The boat moved only when the tide came in." Maana ni ileile, imepungua uzito kidogo. Kwa mtu anayezungumza na wageni kila siku, hii ya pili inatosha. Ile ya kwanza ijue ukiisoma.

"Alipofika tu" kwa Kiingereza ni ipi: just as, just after, au as soon as?

Inategemea ulikuwa unaona nini. Chukua abiria anayefika kituoni. "Just as he arrived, the bus left": mguu wake unakanyaga kituo na gurudumu linazunguka, mambo mawili kwa pamoja. "Just after he arrived, the bus left": alifika, akapumua kidogo, basi likaondoka. "As soon as he arrived, the bus left": basi lilikuwa kama linamsubiri yeye, kuja kwake kukaleta kuondoka. Kiswahili kinaweza kuzibeba zote tatu kwa "alipofika tu", na kumwachia msikilizaji akamilishe. Kiingereza kinakudai uchague.

Just as ina maana nyingine, "kama vile": "I cook the rice just as my mother did." Utaitambua kwa kuwa haizungumzii saa.

Right before na right after ni za mazungumzo, maana yake papo kwa papo. Soon after na shortly after zinaacha nafasi kidogo. Kuna kitu kidogo hapa ambacho vitabu vingi hupita bila kukitaja: tunasema soon after, ila soon before haisemwi. Kwa upande wa "kabla" ni shortly before au just before. Sababu ni kwamba soon hutazama mbele tu, haijui kutazama nyuma.

Long before na long after hupima umbali mkubwa wa muda. Reli yetu ni mfano mzuri. Ujenzi wake ulianza hapa Tanga mwaka 1893, na ilichukua miaka mingi kufika Moshi. "Work began in Tanga long before the line reached Moshi." Ukitaka kuwa na hesabu kamili, ondoa long uweke muda wenyewe mahali palepale: two days before, three weeks after, ten minutes before the boat left. Muda unatangulia, kiunganishi kinafuata, kama kielezi chochote kile.

Naambiwa "kabla sijafika" nikiitafsiri nakosea. Mbona ndivyo tunavyosema?

Ndivyo tunavyosema, na ni Kiswahili kizuri. Kabla sijafika, kabla jua halijazama, kabla hujaondoka. Kitenzi tunakikanusha kwa sababu wakati huo tendo lilikuwa bado. Kiingereza kimelifungia jambo hilo la "bado" ndani ya before yenyewe, kwa hiyo kitenzi kinabaki cha kukubali: "before I arrived", "before the sun sets". Ukisema "before I have not arrived" umekanusha mara mbili.

Nami niliwahi kuliandika kosa hili katika barua ya kuomba kazi, nikiwa kijana. Barua ilirudi na mstari mwekundu, bila neno la kuniambia nimekosea nini. Liliniuma moyoni muda mrefu, na ni sababu mojawapo iliyonifanya niwe mtu wa kueleza.

Ukishaizoea before, ongeza kielezi mbele yake uone inavyochangamka. "Even before I opened the door, I could smell the fish." Hata kabla sijafungua mlango, harufu ya samaki ilishanifikia. Even hapa inaongeza mshangao, kwamba ni mapema kuliko mtu angetarajia.

Ever since ina tofauti gani na since?

Since ina maana mbili, "tangu" na "kwa kuwa". "Since you left, I cook alone": ni tangu uondoke, au ni kwa kuwa umeondoka? Msomaji anabaki hewani. Ever ikitangulia, maana ya "kwa kuwa" inaondoka yote, inabaki "tangu" peke yake, tena ile ya bila kukatika mpaka leo.

Kitenzi cha kishazi huru kiwe cha have: "Sisal has grown in this region ever since it was brought here in 1893." Mkonge ulifika mwaka huo na upo mpaka leo, ukipita Muheza utauona mwenyewe. Wengi huandika "I live here since 2010" kwa kuwa Kiswahili kinasema naishi hapa tangu 2010. Kiingereza kinataka "I have lived here since 2010."

Ever hii haikubali kiunganishi kingine chochote. Hakuna ever because, hakuna ever if.

"Just because he speaks English doesn't mean he is educated." Sentensi hii ni sahihi?

Katika mazungumzo ni sahihi kabisa, na wenye lugha wanaisema kila siku. Kishazi cha just because kimekaa mahali pa mtendaji, kama kingekuwa nomino. Kwenye barua rasmi au mtihani afadhali uandike: "The fact that he speaks English does not mean he is educated."

Na maana yake naiamini. Nimeona wazee wenye elimu ya bahari, ya nyota na ya dini wakikaa kimya mbele ya kijana mwenye Kiingereza cha kuokoteza. Nafundisha lugha hii, naipenda, na sitaki mwanafunzi wangu hata mmoja aiogope kiasi hicho.

Tahadhari ya just because ni pale kishazi huru kinapokanushwa. "I didn't come just because you called me." Ni sikuja kabisa, kwa kuwa tu uliniita? Au nilikuja, ila si kwa sababu ya kuitwa tu? Kwa kawaida ni hii ya pili. Ukitaka ya kwanza, anza na sababu: "Just because you called me, I didn't come."

Nitasemaje kwamba sababu ni moja kati ya nyingi?

Partly because ni "kwa kiasi fulani kwa sababu". Mainly because ni "hasa kwa sababu". Simply because ni "basi tu, kwa sababu", na hukata mjadala. Probably because ni kukisia.

Waongoza watalii nawasisitizia partly. Wageni wengi huuliza kuhusu vita vya Tanga vya Novemba 1914, kati ya Waingereza na Wajerumani, na jibu la haraka ni kwamba Waingereza walishindwa kwa sababu ya nyuki. Nyuki walikuwepo kweli na waliwauma askari wa pande zote mbili. Lakini kulikuwa na askari wa upande wa Wajerumani walioletwa kwa reli kutoka Moshi, na kulikuwa na onyo ambalo Waingereza wenyewe walilitoa kabla ya kushuka, likawapa Wajerumani muda. "The British lost because of the bees" ni hadithi ya kuchekesha. "The British lost partly because soldiers came by train from Moshi" ni historia. Neno partly limemfanya mwongozaji awe mtu wa kuaminiwa.

Ni vielezi gani vinakubaliana na viunganishi gani?

Hakuna kanuni moja, ni mazoea, kama vile sisi tunavyosema "hata kama" na hatusemi "hata ingawa". Even hukaa na if, though, when, before, after, as. Haikai na although, kwa kuwa although ina "hata" yake ndani, kama nilivyosema juu. Only na just hukaa na when, because na after bila shida. Kwa if ni only. Right hupenda muda na mahali, right when, right where, ila haikai na if wala because. Especially na particularly, yaani "hasa", zinakaa karibu na vyote: especially when, especially if, especially since.

Koma inakaa wapi?

Kishazi tegemezi kikianza, koma mwisho wake. Kikija nyuma, mara nyingi haihitajiki, isipokuwa kwa though na even though ambako wengi huiweka. Kati ya kielezi na kiunganishi chake, kamwe.

Mwanangu anaingia kidato cha kwanza. Haya atayakuta wapi?

Kila mahali, na mapema. Shule ya msingi amefundishwa kwa Kiswahili, kidato cha kwanza masomo karibu yote yanageuka Kiingereza kwa siku moja. Wazazi wengi huhofia maneno marefu ya baiolojia. Maneno marefu mtoto atayakariri, na mwalimu atayaandika ubaoni. Yatakayompita ni haya mafupi, kwa kuwa hakuna anayeyaandika ubaoni.

Mpe sentensi hii: "Green plants make their food only when there is light." Mwambie aisome kwa sauti, kisha umuulize kwa Kiswahili, mmea ukiwa gizani unafanya chakula? Akijibu ndiyo, ameiruka only. Mrudishe. Halafu ifute only, asome tena, muulize swali lilelile, na umwache atafute mwenyewe kwa nini sasa jibu limekuwa gumu kutoa. Baba mmoja wa Chumbageni alifanya hivi na binti yake kila usiku baada ya chakula, sentensi moja tu kutoka daftari la shule. Kiingereza chake yeye ni cha kuunga. Alikuwa anauliza kwa Kiswahili, mtoto anajibu kwa Kiswahili, na kidole cha mtoto kiko juu ya neno la Kiingereza.